Betoniere Siku ya Idi

Mzee mwenye betoniere hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukienda kwake kukodi, alikuuliza unataka siku gani, akageukia kalenda ya parokia iliyotundikwa nyuma ya mlango, na kama siku hiyo haikuwa na mtu aliitia alama. Basi, imekuwa yako. Ikifika na wewe hujawa tayari, imekwenda zake, na wewe unarudi nyuma ya wote wanaongoja. Hakusikiliza msiba, ugonjwa wala machozi. Watu walimwita mkavu. Mimi nilimwita maneno mengine, lakini hayo nilishayatubia.

Betoniere ndivyo tunavyoiita kwetu Kamembe, mpakani na Kongo, mashine ya kuchanganyia zege: pipa kubwa la chuma linalozunguka, injini ya mazutu, yaani dizeli, ubavuni, na magurudumu mawili ya kuikokotea. Miaka ile, vita ya kwanza ya Kongo ikiwa imeisha na ya pili haijaanza, hiyo moja ndiyo ambayo watu wa kawaida waliweza kuikodi. Na kila mtu alikuwa anajenga. Aliyeunguliwa alijenga, aliyebomolewa alijenga, aliyerudi na kukuta ukuta mmoja aliuegemezea mingine mitatu. Sauti ya ile mashine ilisikika kutoka kilima hadi kilima, na sisi tuliokuwa hatujafikiwa tulikaa tukisikiliza imefika kwa nani. Tulioneana wivu kwa masikio.

Mimi ni fundi cherehani. Wanaonijua watakuambia nilikuwa na sindano mbili, moja kwenye mashine na nyingine mdomoni. Mume wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki kwa maradhi, kabla ya vita, akaniachia watoto watatu na nyumba kwenye mteremko unaotazama ziwa. Ule mteremko ni wa kweli: ukidondosha chungwa mlangoni, nenda ukaliokote majini. Mwaka wa vita yetu wenyewe, kabla ya zile za Kongo, nyumba iliungua. Ilibaki misingi, na ukuta wa mawe upande wa bondeni.

Fundi wetu wa ujenzi, jirani tuliyeswali naye msikiti mmoja, alipanda juu ya ule ukuta, akaupiga kwa kisigino, akaniambia ukweli. Ukuta ni mzima, lakini juu yake lazima imwagwe dale, sakafu nene ya zege yenye nondo ndani, na imwagwe siku moja bila kukatwa. Kwetu ardhi hutikisika mara kwa mara, na dale iliyomwagwa leo nusu na kesho nusu hupasuka pale nusu mbili zinapokutana. Kwa koleo na mikono, siku moja haitoshi. Inatakiwa betoniere.

Na mimi sikuwa na muda wa kuchezea, kwa sababu nyumba niliyokuwa nakaa haikuwa yangu.

Baada ya vita, nyumba nyingi zilikuwa zimeachwa wazi na watu waliokimbilia Kongo. Sisi tusio na paa tulielekezwa humo na wakubwa wa sekta. Nikaingia na wanangu, nikaweka cherehani katika chumba cha upande wa ziwa kwa sababu kina mwanga, nikaanza kushona sare za shule. Halafu kambi za wakimbizi za kule ng'ambo zikavunjwa, watu wakarudi kwa miguu, na asubuhi moja nikamkuta mwanamke amesimama uani, watoto wanne nyuma yake. Kichwani alikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria shitingi iliyokunjwa, yale maturubai ya bluu waliyoyajua sana watu wa kambini.

Hakupiga kelele. Alitazama madirisha, akanitazama mimi, akasema:

«Maman, hii nyumba ni yangu. Lakini naona uko na batoto.»

Akaingia na wanawe katika jiko la nyuma, kibanda ambacho nusu ya bati lake lilikuwa limeng'olewa, akalifunika pengo kwa shitingi yake. Konseye, kiongozi wa sekta, alikuja akatukalisha wote wawili kwenye benchi moja. Akasema yule ana haki na mimi nina shida, na haki haifutwi na shida. Akamuuliza anataka nyumba yake lini. Akajibu kwamba mwaka huu atavumilia, lakini Pasaka ya mwaka unaofuata anataka aisherehekee ndani ya nyumba yake. Konseye akanigeukia: Pasaka hiyo ikifika unatoka, uwe na pa kwenda au usiwe napo.

Hatukugombana, ila hatukupendana. Tulikuwa na mioto miwili, kamba mbili za nguo, salamu moja asubuhi na moja jioni. Yeye alikwenda misa, mimi niliswali. Mume wake hakurudi naye, na hakumtaja. Mimi sikuuliza, maana miaka ile kuuliza kulikuwa kama kufungua kidonda cha mtu kwa kucha. Kitu kimoja tu kilinichoma: kila asubuhi alifagia mbele ya mlango wa nyumba kubwa, mlango ambao mimi na wanangu ndio tulioutumia. Niliuchukia ule ufagio. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani nikiusikia, chwa, chwa, chwa, nikaona ananifagia mimi.

Sasa nieleze kosa, na ni kosa ambalo Muislamu yeyote wa Kamembe angeweza kulifanya.

Nilipopata simenti ya Bugarama na nondo za kutosha, nilikwenda kwa Mzee. Mbele ya Pasaka alikuwa amebakiwa na siku moja tu, Alhamisi moja ya mwisho wa Januari. Nikahesabu. Ramadhani ilikuwa imeshaanza. Kila mtu anajua kwamba mfungo ni siku ishirini na tisa au thelathini, na hakuna ajuaye mpaka mwezi uonekane. Mimi nalijua hilo tangu nina meno ya utoto. Lakini nilipoiona ile nafasi moja kwenye kalenda nikajiambia: mwaka jana tulifunga thelathini, mwaka huu itakuwa ishirini na tisa. Ni hoja isiyo na miguu, na kila mwaka nusu ya mtaa wetu huiegemea. Idi itakuwa Jumatano, watu watakula Jumatano, Alhamisi watakuja kuyeyusha mafuta ya pilau kwenye zege langu. Fundi naye akasema sawa. Bayede wake, vijana wanaobeba zege na maji, wakasema sawa, na wote walikuwa Waislamu wa mtaa wetu. Mzee akatia alama.

Jumanne jioni tulisimama kilimani tukitazama upande wa Bukavu. Wingu lilikuwa limelala juu ya milima ya Kongo kama blanketi la mgonjwa. Wazee walikunja macho, vijana walipanda juu ya paa, radio iliwashwa ikangojwa. Hakuna aliyeuona mwezi, na hakuna habari iliyokuja kutoka Kigali. Tukarudi nyumbani kula daku ya siku ya thelathini. Idi ikawa Alhamisi.

Jumatano, na kiu yangu, nilikwenda kwa Mzee.

«Mzee, Idi inaangukia kesho. Unipe siku ingine.»

«Siku ingine haiko. Kesho kutwa betoniere inashuka Bugarama, kwa bantu ba mashini ya mupunga. Itakaa kule mpaka Pasaka ipite.»

«Sasa mimi nifanye nini? Mwezi haukuonekana!»

«Maman,» akasema, bila hata kutabasamu, «mimi sikukukodishia mwezi. Nilikukodishia betoniere.»

Laiti nisingekuwa nimefunga, angelipata jibu lake. Nililimeza. Nikaenda kwa fundi, nikamkuta anaosha miguu ajiandae kwa swala. Akaniambia yeye mwenyewe atakuja, kesho wakitoka tu uwanjani kuswali Idi. «Lakini bayede siwezi kubalazimisha, Maman. Ni Idi. Batoto babo banawangojea.»

Na mimi ndiye niliyejua kuliko yeyote jinsi walivyokuwa wanangojewa. Kanzu za mtaa mzima zilikuwa zimepita mikononi mwangu. Nilijua nani ana kola mpya, binti wa nani ana gauni lenye malinda, baba gani ameshonewa suruali ya kitambaa kimoja na ya mwanawe ili watoke wamefanana. Nani angekwenda kushika koleo siku hiyo? Ningemwona amevaa kazi yangu mwenyewe akilowana zege, ningemfukuza.

Nilirudi nyumbani nikasema na masufuria. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba Mungu anajua, kwamba Pasaka ikija nitalala na wanangu juu ya ukuta wa mawe kama kima, kwamba kuna watu watafurahi. Mwenye nyumba alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinua macho. Alimaliza, akanawa mikono, akajifunga kitenge, akatoka. Nikajisemea anakwenda kanisani kumshukuru Mungu wake.

Asubuhi ya Idi niliwavisha wanangu nguo mpya, nikawakabidhi kwa jirani aende nao uwanjani. Mimi nikajifunga kitenge cha jikoni, nikashuka kiwanjani peke yangu. Sikuwahi kukosa swala ya Idi. Nilikaa juu ya mifuko ya simenti nikalia kidogo, halafu nikaona aibu kulia mbele ya simenti, nikanyamaza.

Daihatsu ikaja ikikokota betoniere. Mzee akashuka, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa limetoka. Akatazama lundo la mchanga, lundo la kokoto, mapipa ya maji ambayo hayakujaa.

«Bantu bako bako wapi?»

«Mimi si mtu?» nikamwambia.

Akafungua mdomo ajibu, na hapo tukasikia sauti juu ya njia. Wanawake walikuwa wanashuka mmoja nyuma ya mwingine, maana njia ni nyembamba, kila mmoja na karai au basini kichwani, wengine na madumu ya maji. Nilimtambua aliyekuwa mbele: mwenye nyumba. Wengine walikuwa wenzake wa jumuiya ya kanisani, wengine niliwajua kwa sura tu, waliorudi naye kutoka kambini, na wachache walikuwa wakulima wa Nyakarenzo ambao walipaswa kuwa sokoni wanauza viazi. Jioni nzima ya jana alikuwa amezunguka kuwaita.

Mtu mwenye akili angesema asante. Lakini ulimi hauna mfupa.

«Umekuja kuhakikisha natoka kwako?» nikamwambia mbele ya wote.

Akaishusha karai yake chini polepole.

«Ee. Nataka utoke,» akasema. «Lakini utoke, uende fasi. Mimi nilishatoka bila kuwa na fasi ya kwenda. Simutakie muntu ile.»

Fasi, yaani mahali. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni. Niliokota karai nikasimama kwenye mstari nyuma yake.

Mzee alichukua manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, akaitia kwenye tundu lake. Halafu akasita. Kutoka uwanjani, ng'ambo ya kilima, takbira zilikuwa zinakuja na upepo, Allahu akbar, Allahu akbar, sauti za mtaa wangu wote bila yangu. Mzee alikuwa Mkatoliki wa kupiga magoti misa ya alfajiri kila siku. Aliitoa manivela, akaishika mkononi.

«Tungoje,» akasema. «Bamalize kuomba kwanza. Hii mashini iko na kelele mingi.»

Na mtu huyu ndiye niliyemwita mkavu! Alisimama hivyo, chuma mkononi, mpaka sauti zikakoma. Wakati huo wanawake walijaza mapipa yote ya maji na kusogeza mchanga karibu, na nilipata nafasi ya kwenda nyuma ya ukuta, nikaswali peke yangu, kama nilivyoweza, juu ya mfuko mtupu wa simenti. Ninamwombea Mzee yule mpaka leo. Hakujua kwamba amenipa Idi yangu, au alijua, sikuthubutu kumuuliza.

Fundi alifika mbio, kanzu ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Akabadilisha nguo kichakani, akapanda juu ya mbao na nondo, akapiga bismillahi, na Mzee akazungusha manivela. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Atakayesema kumwaga dale ni kazi ya wanaume tu, nitamwonyesha vichwa vya wanawake wale. Karai za kokoto, karai za mchanga, simenti, maji, pipa linazunguka, Mzee analiinamisha, zege linatoka zito na la kijivu, unabebeshwa, unapanda ubao, unamwaga pale fundi anapokuelekeza, unateremka upande wa pili. Ukisimama, mwenzako nyuma anakugonga. Walianza kuimba nyimbo za kanisani ili miguu iende pamoja. Fundi wetu, ambaye baba yake alikuwa mwadhini, aliinua kichwa mara moja, akainamisha, akaendelea kusawazisha zege kwa ubao wake mrefu. Baada ya muda nikaona jasho linamtiririka na zege limemzunguka pande zote. Akapiga kelele:

«Ba maman! Huo mwimbo unakimbia sana! Mutupatie ya polepole!»

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga karai yake njiani. Wakaanza wimbo mwingine, wa taratibu, nadhani wa mazishi, na kazi ikaenda sawasawa na ubao wa fundi. Mimi sikujua maneno. Niliitikia mwisho wa kila mstari, kama ng'ombe, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa anatikisika mabega kwa kicheko. Nikatambua kwamba ndiyo mara ya kwanza namwona mwenye nyumba akicheka.

Jua lilipofika utosini tulikuwa tumepita nusu, na shingo zetu zilikuwa zimekwisha. Hapo bayede wakaanza kuja. Hakuna aliyewaita. Walikuja mmoja mmoja, na suruali zao za kazi, wakijipangusa midomo. Wa kwanza akasema, «Tumeswali, tumekula, batoto bametuona. Sasa tutumike.» Nyuma yao wakaja wake zao na sinia. Kwetu siku ya Idi lazima chakula kitoke nyumbani kiende kwa jirani asiye Muislamu, ndiyo ada, na hakuna anayekula akashiba kabla ya sinia ya jirani kufunikwa. Mwaka ule sinia zote za mtaa zilishuka kiwanjani kwangu. Wanawake walikula pilau wamekaa juu ya lundo la mchanga, kwa zamu, maana pipa halikusimama. Mzee alikula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye gurudumu la kuinamishia pipa. Akaniambia nyama ina pilipili. Nikamwambia pilipili nayo aiandike kwenye kalenda. Akatabasamu, na nikaona kwamba alikuwa na pengo kubwa la meno ya mbele, labda ndiyo sababu ya ule ukavu wote.

Karai ya mwisho ilimwagwa wakati wingu la kutoka ziwani lilikuwa limeshafika juu yetu. Fundi alikuwa bado anasawazisha kona ya mwisho kwa mwiko. Tone la kwanza likaniangukia mkononi, kubwa kama jicho. Mvua ya kwetu haitangulii kubisha hodi. Zege bichi likipigwa na mvua ile, simenti inaoshwa, inabaki kokoto tupu, na siku nzima ya watu wote wale ingeteremka kwenda ziwani mbele ya macho yetu. Tulikimbilia migomba ya jirani, tukakata majani. Tulifunika upande mmoja. Majani hayakutosha hata nusu. Nilisimama katikati nikaanza kupiga kelele, simwambii mtu yeyote, napiga kelele tu.

Nikamwona mwenye nyumba anapanda njia mbio, amekunja kitenge mpaka magotini. Alirudi na wanawe wanne, kila mmoja ameshika ncha moja ya shitingi. Walikuwa wameing'oa juu ya jiko lao. Wanawake wengine walipoona hivyo, wawili watatu wakakimbia nao makwao. Tulitandaza yale maturubai ya bluu kutoka ncha hadi ncha, tukayakandamiza kwa mawe, na mvua ikaanguka juu yake kwa ghadhabu ambayo sijaiona tena. Tulisimama pembeni tumelowa, Waislamu na Wakristo, waliobaki na waliorudi, tukisikiliza maji yanapiga plastiki, na chini yake zege langu limelala kavu.

Nililia tena. Safari hii sikuona aibu.

Mzee hakuondoka mpaka pipa limeoshwa. Alichukua jiwe dogo akaligonga kuzunguka lote, sikio karibu, akisikiliza kama kuna zege lililoganda ndani. Likalia safi kila mahali. Akaifunga mashine nyuma ya Daihatsu, akaniambia, «Dale yako iko muzuri, Maman. Uimwangilie maji kila asubuhi.» Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake.

Jioni ile jiko la nyuma lilikuwa bwawa. Nikawaambia wahamie ndani, na sikuwaambia kwa upole, niliwaamrisha, ndivyo nilivyo. Niliwatengea chumba cha upande wa ziwa, nikaanza kusukuma cherehani pembeni. Mwenye nyumba akasema hapana, sebule inatosha, asihangaishwe mtu. Nikaona ni adabu ya ugenini, katika nyumba yake mwenyewe. Watoto saba walijipanga sakafuni kama viatu vya msikitini, na sisi wawili tukakausha nguo kwenye moto mmoja.

Jiko lilipokauka walirudisha shitingi juu yake, wakarejea humo, na baada ya hapo mambo yalikwenda. Nilishuka kila asubuhi kuimwagilia dale, na mara nyingi niliikuta imeshalowa, kwa sababu alipita pale kabla ya misa na dumu lake. Matofali yakapanda, bati likapigiliwa, milango miwili ikapatikana. Alipofagia mbele ya mlango, nikaanza kutoka na ufagio wangu na kuanzia upande wa pili. Tulikutana katikati tukiwa tumeshasema habari zote za mtaa. Sitasema tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Nitasema tu kwamba kila nikipitisha mikono juu ya sakafu yangu, namshukuru Mungu, halafu namshukuru yeye, na nikimaliza hao wawili ndipo nawakumbuka wengine.

Tulihama Jumamosi ya kuamkia Pasaka, kama alivyosema konseye. Vitu vyetu havikuwa vingi. Wanangu walikwenda na kurudi, vitanda, masufuria, cherehani ikabebwa na bayede wawili kwa heshima kama jeneza la mkubwa. Mimi nilibaki nyuma nikafagia vyumba vyote. Nilitaka akute nyumba safi kuliko nilivyoikuta mimi. Nikaosha sakafu, nikafungua madirisha, nikatoka uani kumwita.

Wanawe walikuwa tayari wanakimbia ndani wakigombania vyumba. Yeye alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, mizigo yake imefungwa, mikono juu ya magoti.

«Haya, Maman,» nikamwambia. «Ingia kwako. Pasaka imefika.»

Hakuinuka. Nikafikiri amechoka. Nikainama nichukue mzigo mmoja, akanishika mkono.

«Kile chumba uliwekamo cherehani,» akasema, «ndimo tulikuwa tunalala na papa wa batoto. Alibaki kule mu pori. Nilimufunika na majani, sikuwa na jembe. Mwaka yote nilikuwa nasikia cherehani yako mule ndani, nawaza: ni muzuri, kuko muntu. Sasa hakuna muntu.»

Mwaka mzima nilikuwa najiona kama mwiba ndani ya nyumba yake. Nikamwinua. Tukavuka uani tumeshikana mikono, tukaingia mlango mkubwa, tukapita sebuleni katikati ya kelele za watoto. Kwenye mlango wa kile chumba akashika fremu, hakuingia. Kilikuwa kitupu, kimeoshwa, dirisha wazi, na maji ya sakafu yalikuwa hayajakauka.

Nikamwacha amesimama pale, nikatoka nje haraka. Binti yangu mkubwa alikuwa anafika kwenye kona ya njia, godoro langu kichwani. Nikamwita kwa nguvu zangu zote, nikamwambia alirudishe, usiku huu nalala huku.